Daniel O'Connell, Mteteaji wa Taifa Lake

1. Nchi yenye sheria kali

Magharibi ya Uingereza, ng'ambo ya bahari, kuna kisiwa chenye majani mabichi na mvua nyingi. Kisiwa hicho huitwa Irlandi. Mtakatifu Patrisi aliwahubiri watu wa huko Injili zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, nao wakaishika imani kwa nguvu. Lakini Waingereza waliitawala nchi yao. Wafalme wa Uingereza walipojitenga na Papa, walitaka Wairlandi nao wajitenge naye. Wairlandi walio wengi wakakataa. Ndipo zikatungwa sheria za kuwabana.

Kwa sheria hizo Mkatoliki hakuweza kununua shamba wala kufungua shule. Hakuweza kuwa mwamuzi wala wakili. Hakuweza kupiga kura, wala kuingia Bungeni, ndilo baraza kubwa linalotunga sheria za nchi. Mashamba mengi yalikuwa mali ya mabwana Waprotestanti. Wakatoliki waliyalima na kuwalipa mabwana hao kodi. Aliyeshindwa kulipa alifukuzwa nyumbani pamoja na mke na watoto.

Katika nchi hiyo, tarehe 6 Agosti 1775, karibu na mji mdogo wa Cahersiveen katika jimbo la Kerry, alizaliwa mtoto, akaitwa Daniel O'Connell.

2. Masomo ng'ambo ya bahari

Kwa desturi ya watu wa Kerry, Daniel alipelekwa angali mchanga kulelewa katika nyumba ya watu maskini waliokaa katika shamba la baba yake. Aliishi nao mpaka umri wa miaka kama minne. Alikula chakula chao na kusema lugha yao, yaani Kiirlandi, kabla ya kujua Kiingereza. Maisha yake yote hakusahau kwamba aliwahi kukaa chini ya paa la majani.

Baadaye akachukuliwa na ndugu ya baba yake, jina lake Maurice, aliyekaa Derrynane, karibu na bahari. Mzee Maurice hakuwa na mtoto. Alikuwa na mali nyingi, na sehemu ya mali hiyo ilitoka katika magendo, maana mashua zilimletea bidhaa kwa siri kutoka Ufaransa. Mzee huyo aliona kwamba Daniel ana akili nyingi. Katika mwaka 1791 akampeleka Ulaya bara pamoja na ndugu yake mdogo, kwa kuwa huko ndiko Wakatoliki wengi wa Irlandi walikopata elimu.

Vijana hao wawili walipita Liège na Louvain, katika nchi ya Ubelgiji, kisha wakaingia koleji ya Saint-Omer, na baadaye ile ya Douai, huko Ufaransa. Walimu waliona upesi kwamba Daniel atakuwa mtu mkubwa. Lakini nyakati zilikuwa mbaya. Wafaransa walikuwa wameasi, na damu ilimwagika kila mahali. Mapadri waliuawa, makanisa yakafungwa. Vijana walipopita njiani walitukanwa na askari. Siku ile ile mfalme wa Ufaransa alipokatwa kichwa, tarehe 21 Januari 1793, Daniel na ndugu yake walikuwa safarini kukimbilia Uingereza.

Mambo hayo yalikaa moyoni mwa Daniel. Aliwaona watu waliosema wanatafuta uhuru, na mikono yao imejaa damu.

3. Wakili

Katika mwaka 1792 Serikali ilikuwa imelegeza sheria kidogo, ikawaruhusu Wakatoliki kuwa mawakili. Daniel akasoma sheria London, kisha Dublin, mji mkuu wa Irlandi. Katika mwezi wa Mei 1798 akapokelewa kuwa wakili.

Mwezi huo huo Wairlandi wengi walishika silaha wakapigana na Waingereza. Vita havikudumu. Maelfu ya wakulima, wenye mikuki mikononi, walianguka mbele ya bunduki na mizinga. Vijiji viliteketezwa, watu wakanyongwa. Nchi haikupata chochote ila machozi. Tena katika mwaka 1801 Bunge la Dublin likafutwa, na tangu hapo sheria zote za Irlandi zikatungwa London. Daniel alikuwa amesimama hadharani kulipinga jambo hilo, lakini nani angemsikiliza kijana asiye na jina?

Basi Daniel akakata shauri. Waingereza wameifunga nchi yake kwa sheria. Yeye ataifungua kwa sheria.

Katika mwaka 1802 akamwoa Mary O'Connell, msichana wa ukoo wake. Mary hakuwa na mali, na kwa hiyo ndoa ikafanyika kwa siri. Mzee Maurice alipopata habari alikasirika sana, akampunguzia Daniel urithi. Daniel hakujuta. Katika ujana wake alikuwa amesoma vitabu vya watu wasioamini, na imani yake ilikuwa imepoa. Mary, kwa upole na kwa sala, alimrudisha kwenye masakramenti. Tangu wakati huo alikuwa Mkristo mwenye bidii mpaka kufa.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ya ajabu. Aliamka kabla ya mapambazuko akasoma kesi zake, kisha akaenda barazani. Wakulima walimjia kutoka mbali. Aliijua lugha yao na shida zao. Shahidi mwongo alipoletwa mbele yake, alimwuliza maswali polepole, moja baada ya moja, mpaka uwongo ukajitokeza wenyewe. Alipata feza nyingi, lakini hazikukaa, kwa kuwa alitoa kwa mkono mpana, na mara nyingi alikuwa na madeni. Mawakili Waprotestanti wenye akili ndogo kuliko yeye walipandishwa cheo, wakawa waamuzi. Yeye alibaki chini kwa sababu ya dini yake.

4. Dhambi ya mwaka 1815

Siku moja, katika mwaka 1815, O'Connell alilitukana hadharani baraza la mji wa Dublin. Mtu mmoja wa baraza hilo, jina lake D'Esterre, akaudhika, akamwita wapigane kwa bastola. Hiyo ilikuwa desturi mbaya ya watu wakubwa wa siku zile. Aliyekataa alihesabiwa kuwa mwoga. Kanisa lilikataza jambo hilo kabisa, na O'Connell alijua. Lakini aliogopa kuchekwa na watu kuliko kumkosea Mungu. Akaenda.

Tarehe 1 Februari walisimama uwanjani wakatazamana. D'Esterre akapiga, risasi ikakosa. O'Connell akapiga, na mwenzake akaanguka. Baada ya siku mbili akafa, akaacha mke na watoto.

Watu wa Dublin walishangilia kwamba mtu wao ameshinda. Lakini yeye mwenyewe hakuona ushindi. Alitaka kumgawia mjane nusu ya mapato yake. Mjane akakataa, lakini alikubali binti yake apewe msaada. O'Connell akamlipa binti huyo kila mwaka, zaidi ya miaka 30, mpaka mwisho wa maisha yake. Watu husimulia kwamba alipokwenda kupokea Komunyo alivaa soksi nyeusi ya mkono katika mkono wa kuume, kwa sababu mkono huo ulikuwa umeua mtu. Baadaye aliweka nadhiri asipigane hivyo tena. Wengi walimtukana wakijua hataleta bastola, naye akavumilia.

5. Peni moja kwa mwezi

Wakatoliki wa Irlandi walikuwa wengi kuliko Waprotestanti, lakini kila mmoja alisimama peke yake. Katika mwaka 1823 O'Connell na rafiki zake wakaanzisha Shirika la Wakatoliki. Mwanzoni watu walioingia walikuwa wachache, kwa maana ada yake ilikuwa kubwa. Mwaka uliofuata O'Connell akapata shauri jipya: kila mtu atoe peni moja tu kwa mwezi.

Peni ni feza ndogo sana. Hata mkulima maskini aliweza kuitoa. Siku ya Dominika, baada ya Misa, michango ilikusanywa mlangoni pa kanisa, na mapadri wakasaidia. Haba na haba hujaza kibaba. Feza zikawa nyingi, zikatumika kuwalipia maskini mawakili na kuwasaidia waliofukuzwa mashambani. Lakini faida kubwa haikuwa feza. Mtu aliyekuwa ametoa peni yake alirudi nyumbani akijua kwamba yeye naye ni mtu katika jambo kubwa, na kwamba jirani yake yuko pamoja naye. Serikali iliogopa, ikatunga sheria ya kulivunja Shirika. O'Connell akaisoma sheria hiyo vizuri, akaanzisha Shirika jingine ambalo sheria haikuligusa.

6. Uchaguzi wa Clare

Katika mwaka 1828 ulitokea uchaguzi wa mjumbe mmoja wa Bunge katika jimbo la Clare. Wakati huo Wakatoliki wenye shamba la thamani ya shilingi 40 kwa mwaka walikuwa wameruhusiwa kupiga kura, lakini kwa kuwachagua Waprotestanti tu. O'Connell aliitazama sheria kwa macho ya wakili, akaona kitu ambacho wengine hawakukitumia. Sheria haikumkataza Mkatoliki kusimama katika uchaguzi. Ilimzuia mlangoni mwa Bunge tu, kwa kumdai kiapo ambacho Mkatoliki hawezi kukiapa. Basi akatangaza kwamba atasimama.

Siku zile kura haikuwa siri. Mkulima alisimama mbele ya watu akalitaja kwa sauti jina la mtu anayemtaka, na bwana wa shamba lake alikuwa pale akisikiliza. Kumchagua O'Connell kulikuwa kujitia katika hatari ya kupoteza shamba na nyumba.

Wakulima wakaja katika mji wa Ennis kwa maelfu, kila parokia na padri wake mbele. Walilala nje, hawakulewa, hawakupigana na mtu. Mmoja baada ya mwingine walipita mbele ya mabwana zao, wakalitaja jina la O'Connell. Hesabu ilipofungwa, O'Connell alikuwa amepata kura 2,057, na mwenzake kura 982.

Waingereza walitetemeka. Mkuu wa Serikali alikuwa Wellington, jemadari aliyekuwa amemshinda Napoleon. Hakuwapenda Wakatoliki kupata haki hizo, lakini aliona kwamba akikataa, nchi yaweza kuingia vitani. Tarehe 13 Aprili 1829 mfalme akatia sahihi sheria mpya, na Wakatoliki wakafunguliwa mlango wa Bunge.

Lakini furaha ilichanganyika na uchungu. Serikali ilitunga pia sheria nyingine: tangu hapo atapiga kura yule tu mwenye shamba la pauni 10 kwa mwaka. Wapiga kura wa Irlandi walikuwa zaidi ya 200,000. Wakabaki chini ya 40,000. Wale maskini wa shilingi 40, waliohatarisha nyumba zao kwa ajili ya wengine, walinyang'anywa kura zao. O'Connell hakuweza kulizuia jambo hilo.

7. Kiapo

Mwezi wa Mei 1829 O'Connell akaenda London kukaa mahali pake Bungeni. Lakini kwa kuwa alikuwa amechaguliwa kabla ya sheria mpya, wakuu walisema lazima aape kiapo cha zamani. Kiapo hicho kilimkana Papa, na maneno yaliyofuatana nacho yaliitukana Misa takatifu na heshima ya Bikira Maria, kwamba ni ibada ya sanamu.

Wakampa karatasi. Ukumbi wote ulijaa watu waliomtazama. Miaka mingi alikuwa amefanya kazi apate kufika pale. Kiti kilikuwa mbele yake, hatua chache tu. Angesoma maneno machache kwa midomo yake, angekaa.

O'Connell akaisoma karatasi kwa utulivu. Kisha akaeleza kwamba ndani yake mna jambo analolijua kuwa si kweli, na jingine ambalo haliamini. Akakataa kuapa, akatoka.

Bunge likaamuru uchaguzi ufanywe upya katika Clare. Hakuna mtu aliyethubutu kusimama kinyume chake. Mwanzoni mwa mwaka 1830 akaingia Bungeni kwa mlango, kichwa juu, bila kuikana imani yake.

8. Usiku wa safari ya Cork

Kati ya ushindi wake wa pili na siku ya kuingia Bungeni, O'Connell alikuwa akipumzika nyumbani Derrynane. Ilikuwa mwezi wa Oktoba 1829. Mara akafika mtu aliyepanda farasi, amechoka na amejaa matope. Alitoka Cork, karibu kilometa 140. Habari zake zilikuwa mbaya. Wakulima wengi wa Doneraile walishtakiwa kwamba walifanya shauri la kuwaua mabwana wa mashamba. Wanne walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kufa, na wengine walikuwa wakingoja zamu yao. Ndugu zao walimwomba O'Connell aje.

Angeweza kusema kwamba sasa yeye ni mkubwa, anangojewa London. Lakini alipanda gari lake dogo la farasi, akasafiri usiku kucha katika njia za milima. Asubuhi aliingia barazani, vumbi likiwa mwilini na njaa ikimwuma. Akaomba ruhusa ya kula pale pale, akaletewa mkate na maziwa. Huku akila alimsikiliza wakili wa Serikali, na kila mara mwenzake alipokosea sheria, alimkatiza. Kisha akasimama akawahoji mashahidi. Maneno yao yakaanza kupingana.

Kundi la pili la washitakiwa, wazee wa baraza hawakuweza kupatana juu yao. Wengine wakaachiliwa. Wale wanne wa kwanza hawakunyongwa, walipelekwa uhamishoni. Hakuna hata mmoja aliyepoteza uhai.

9. Mjumbe wa Bunge

Tangu hapo O'Connell aliiacha kazi ya uwakili iliyomletea feza nyingi, akaitumikia nchi yake Bungeni. Watu walichanga kila mwaka ili apate kuishi. Alipigana ili Wakatoliki wasilazimishwe kulipia kanisa lisilo lao. Aliwatetea Wayahudi pia, kwa kuwa nao walinyimwa haki kwa ajili ya dini yao. Katika mwaka 1841 alichaguliwa kuwa mkuu wa mji wa Dublin, Mkatoliki wa kwanza kwa muda wa zaidi ya miaka 150. Ndilo lile baraza lililokuwa limejaa adui zake.

Tena aliwatetea watumwa. Wakati huo Waafrika wengi walikuwa watumwa katika visiwa vya Waingereza huko Amerika na katika nchi ya Marekani. O'Connell alisaidia kupitisha sheria ya mwaka 1833 iliyofuta utumwa katika makoloni ya Waingereza. Wairlandi waliohamia Marekani walimpelekea feza za kazi yake. Baadhi yao walimshauri anyamaze juu ya utumwa, asije akawaudhi wakubwa wa huko. Hakunyamaza, hata feza zikapungua. Katika mwaka 1845 Frederick Douglass, mtu mweusi aliyekuwa ametoroka utumwani Marekani, alifika Dublin, akamsikia O'Connell akihutubia. Baadaye alimsifu sana.

10. Mkutano usiofanyika

Bado jambo moja lilibaki moyoni mwake: Irlandi irudishiwe Bunge lake. Katika mwaka 1843 aliita mikutano mikubwa nchi nzima. Siku ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, tarehe 15 Agosti, watu mamia ya maelfu walikusanyika juu ya kilima cha Tara, walipokaa wafalme wa zamani. Hakuna aliyepigana.

Mkutano wa mwisho ulipangwa ufanyike Clontarf, karibu na Dublin, tarehe 8 Oktoba. Siku moja kabla yake, jua likielekea kushuka, Serikali ikaukataza. Askari walikuwa tayari, na mizinga imeelekezwa. Watu kwa maelfu walikuwa wamekwisha kushika njia.

Vijana wengi walitaka waende hata hivyo. O'Connell aliijua sauti yake. Angesema neno moja, wangekwenda. Lakini alikumbuka Ufaransa, alikumbuka mwaka 1798, na bila shaka alimkumbuka mtu mmoja aliyeanguka uwanjani mbele yake. Akatuma watu wenye farasi katika njia zote, wakawarudisha watu nyumbani. Kesho yake uwanja wa Clontarf ulikuwa mtupu. Hakuna aliyekufa.

Tangu siku hiyo wengine walimwita mwoga. Serikali nayo haikumshukuru: ilimshitaki, na katika mwaka 1844 akafungwa. Baada ya miezi kama mitatu baraza kuu la London likaona kwamba hukumu haikuwa ya haki, akaachiliwa. Lakini nguvu zake zilikuwa zimepungua, na rafiki wengi vijana wakamwacha.

11. Njaa na kifo

Katika mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi vya Ulaya, chakula cha kila siku cha maskini wa Irlandi. Mwaka uliofuata mavuno yakaoza karibu yote. Watu wakafa majumbani na njiani. Kabla njaa haijakwisha, watu kama 1,000,000 walikuwa wamekufa, na wengine wengi wamekimbilia ng'ambo.

Mwezi wa Februari 1847 O'Connell alisimama Bungeni kwa mara ya mwisho. Alikuwa mzee wa miaka 71, mgonjwa. Sauti ile iliyovuma juu ya vilima sasa ilisikika kwa shida. Wajumbe waliomchukia zamani walinyamaza wapate kumsikia. Aliwaomba wawaokoe watu wake. Msaada uliotolewa haukutosha.

Kisha akashika safari ya kwenda Roma kumwona Papa, apate kufa karibu na kaburi la Mtakatifu Petro. Hakufika. Tarehe 15 Mei 1847 alikufa katika mji wa Genova, Italia, amekwisha kupokea masakramenti. Alikuwa ameagiza kwamba moyo wake upelekwe Roma, na mwili wake urudishwe Irlandi. Wakafanya hivyo. Alizikwa Glasnevin, Dublin, katika makaburi ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuyafungua katika mwaka 1832, ili wafu wa dini zote wazikwe kwa heshima.

Bunge la Dublin hakuliona. Sehemu kubwa ya Irlandi ilipata kujitawala katika mwaka 1922, miaka 75 baada ya kifo chake, tena baada ya vita. Njia kubwa ya Dublin inaitwa kwa jina lake.

O'Connell hakuwa malaika. Alikuwa mkali wa maneno, na mara moja mkono wake uliua. Lakini alitubu, akakaa na toba yake miaka yote. Aliwafundisha watu maskini kwamba wanaweza kudai haki yao wakiwa pamoja, bila kumwua mtu na bila kusema uwongo. Na siku ile walipompa kiti kwa bei ya neno moja lisilo la kweli, alikiacha kiti.